Funksheni zenye vigezo visivyo na idadi maalumu zisiitwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowaelekeza wanafunzi namna ya kuita funksheni za lugha ya C kutoka ndani ya Python. Nawapongeza kwa kulifundisha somo hili kwa Kiswahili. Hata hivyo, mfano mliouchapa, wa kuita printf, funksheni ya C inayochapisha maandishi, kupitia ctypes, moduli ya Python ya kuita C, bila kutangaza aina za vigezo (thamani ambazo funksheni hupewa), unahitaji marekebisho, kwa kuwa printf si funksheni ya kawaida na mfano huo utawapa baadhi ya wasomaji matokeo ya ovyo.

Printf hupokea vigezo vingi kadiri mwitaji apendavyo, na tangu kiwango cha C cha mwaka 1989 jambo hilo huonyeshwa kwa nukta tatu mwishoni mwa orodha ya vigezo. Java na Python nazo zina funksheni za namna hii, lakini huko vigezo vya ziada hufungwa pamoja, na funksheni inayovipokea hujua vipo vingapi. C haipeleki taarifa hiyo. Funksheni iliyoitwa hulazimika kuipata kwa njia nyingine: printf husoma alama za asilimia ndani ya maandishi yake, execl, inayoanzisha programu nyingine, huendelea mpaka ikute kielekezi tupu (anwani ya kumbukumbu isiyoelekeza popote), na open, inayofungua faili, hutazama kama imeagizwa kuunda faili ndipo ichukue kigezo cha tatu, yaani ruhusa za faili hilo. Mwitaji akikosea, funksheni itasoma chochote kitakachokuwa mahali pale.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni mahali vigezo vinapowekwa. Katika Linux na katika Mac za zamani zenye prosesa za Intel, namba kamili na vielekezi sita vya kwanza hupitia kwenye rejista (nafasi ndogo za kuhifadhia zilizo ndani ya prosesa), viwe vimetajwa kwa jina au vimekuja baada ya nukta tatu, na ndiyo sababu watu waliotangaza open kama funksheni ya kawaida yenye vigezo vitatu hawakuona tatizo kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Apple ilipoanza kuuza Mac zenye prosesa ya M1, kanuni ilikuwa nyingine: vigezo vilivyotajwa kwa jina huanzia kwenye rejista, lakini kila kinachokuja baada ya nukta tatu huwekwa kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu kuu inayotumika funksheni zinapoitwa). Programu iliyotangaza open kimakosa huweka ruhusa kwenye rejista, ilhali open inazitafuta kwenye staki. Faili linaundwa, hakuna kosa linalotangazwa, ila ruhusa zake si zile alizoandika mwandishi wa programu, na pengine faili lenye siri za watu linaweza kusomwa na yeyote anayetumia kompyuta hiyo. Linux inayotumia prosesa za ARM, familia ambayo M1 nayo imo, haina kanuni hii ya Apple, kwa hiyo hata aliyeijaribu programu yake kwenye ARM hawezi kusema ameshamaliza kuikagua.

Kuna pia suala la namba za desimali. Kompaila ya C (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) hugeuza namba ya desimali ya biti 32 kuwa ya biti 64 kabla ya kuipitisha baada ya nukta tatu. Lugha nyingine ikiita funksheni hiyo, ni lazima ifanye hivyo yenyewe. Kompaila ya Rust hukataa msimbo unaopitisha namba ya biti 32 mahali hapo, na naona inafanya vyema.

Lugha ya Go, kupitia cgo, chombo chake cha kuita C, hairuhusu kabisa kuita funksheni hizi moja kwa moja. Wapo wanaoulalamikia uamuzi huo, lakini mimi nauunga mkono, kwa kuwa katazo lililo wazi humlazimisha mwandishi wa programu kutafuta njia salama. Java, katika toleo la 22 la mwaka 2024, ilikamilisha njia yake mpya ya kuita C, na humo mwitaji hutakiwa kueleza kigezo cha kwanza kisichotajwa kwa jina ni cha ngapi.

Njia salama kuliko zote ni kuandika kwa C funksheni ndogo yenye vigezo vya idadi maalumu, ambayo ndiyo itakayoita ile yenye nukta tatu, kwa sababu kompaila ya C inazijua kanuni za kila mashine. Mzigo huu, kwa maoni yangu, ungepaswa kubebwa na waandishi wa maktaba. Katika libcurl, maktaba ya C ya kuhamisha data mtandaoni, kwa mfano, curl_easy_setopt imetangazwa kwa nukta tatu ingawa kwa desturi hupewa kigezo kimoja tu cha ziada, ama namba, ama kielekezi, ama funksheni. Funksheni chache za kawaida, moja kwa kila aina, zingewaondolea waandishi wa lugha nyingine usumbufu mkubwa.

Naomba basi mfano wenu uchapwe upya, na kabla ya mstari unaoita printf uongezwe mstari huu: libc.printf.argtypes = [ctypes.c_char_p]. Mstari huo huiarifu ctypes kwamba kigezo cha kwanza pekee ndicho cha kudumu, na vinavyofuata vitawekwa mahali printf inapovitafuta, hata kwenye Mac mpya.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa programu,
Dar es Salaam