Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dodoma: wazazi waambiwe kabla ya siku ya sindano

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: CHANJO YA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI SHULENI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe, si Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa sababu chanjo ipo. Inatolewa nchi nzima tangu Aprili 2018, tena bure, na wauguzi wanaifuata shule kwa shule. Kinachokwama kinakwama kwetu, wazazi na walimu. Binti anachanjwa saa nne asubuhi, mama yake anapata habari jioni, na anayempa habari ni jirani.

Katika shule moja ya wilaya yetu ya Chamwino, taarifa ilitolewa siku moja kabla, kwa mdomo, mstarini: "Mkawaambie wazazi." Waliosema walisema, waliosahau walisahau. Kesho yake, kabla ya saa sita, baba wawili na bibi mmoja walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wakidai watoto wao. "Mnawafunga vizazi," bibi alisema, na hakuwa anatania. Mwalimu mkuu akajibu kwamba hilo ni agizo la serikali. Kwa maoni yangu hakuna jibu baya kuliko hilo. Mtu aliyekuja na wasiwasi ukimtajia agizo, anaondoka na uhakika kwamba kuna jambo anafichwa.

Shule ya jirani walifanya tofauti. Wiki moja kabla waliitisha kikao cha wazazi, wakamwalika muuguzi wa zahanati, yule yule anayetupimia watoto kliniki. Hakutoa hotuba. Alisema kwa ufupi kwamba saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwamba inaletwa na kirusi kiitwacho HPV kinachoambukizwa kwa ngono, na kwamba chanjo inakinga lakini haitibu, ndiyo maana inatolewa mapema, kabla binti hajakutana na kirusi. Halafu akasema, "Haya, niulizeni."

Wakamuuliza kweli kweli. Kuhusu ugumba alijibu kwamba kilichomo kwenye sindano ni ganda tupu la kirusi, haliwezi kuambukiza wala haliendi kugusa kizazi. Saratani yenyewe ndiyo inayofanya mwanamke aondolewe kizazi. Mama mmoja akauliza mbona wavulana hawachomwi, kwani wao hawana hicho kirusi? Wanacho, akasema, na ndio wanaokipeleka, lakini mlango wa kizazi anao msichana, kwa hiyo serikali imeanza na aliye hatarini zaidi. Watu wakacheka, hasa akina mama.

Swali lililonikaa ni la mzee mmoja mkulima wa zabibu. Binti yake mkubwa alichanjwa mara mbili, huyu mdogo anaambiwa mara moja inatosha. "Wa kwangu mmempunja?" Ni swali la mtu makini, na lina jibu la kujivunia. Kuanzia mwaka 2017 ulifanyika utafiti Mwanza, kwa wasichana wa Kitanzania 930 wa miaka 9 hadi 14, kulinganisha dozi moja na mbili au tatu. Ilionekana kinga ya dozi moja inadumu mwilini kwa miaka. Shirika la Afya Duniani liliikubali dozi moja mwaka 2022, nasi tukaanza kuitumia 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzee aliposikia habari ya Mwanza alikaa chini. Siku ya chanjo binti yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, sijui kwa hiari yake au kwa amri ya baba.

Ombi langu ni hilo: kikao cha wazazi kiwe sharti, si hisani ya mwalimu mkuu mwenye moyo. Kifanyike angalau wiki moja kabla, muuguzi awepo, na maswali yapewe muda mrefu kuliko maelezo.

Kuna jingine, la kalenda. Kampeni ikiangukia Aprili, huku kwetu mtama na uwele viko shambani na kwelea kwelea wameshafika. Watoto wanaamia ndege. Timu ya chanjo inakuta madarasa yamepungua, inachanja waliopo, inaondoka, na ripoti inapendeza. Rejesta ya mahudhurio inawajua wasiokuwepo kwa majina. Mwalimu wa darasa aiandike orodha hiyo siku hiyo hiyo, ampe muuguzi, na mhudumu wa afya wa kijiji awafuate. Walioacha shule hawamo kwenye rejesta yoyote. Hao mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji wanawafahamu kaya kwa kaya, ila hakuna anayewauliza.

Haya yote hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji waraka wako kwa maafisa elimu wa wilaya na walimu wakuu, utoke kabla shule hazijafunguliwa Januari, ili kikao cha kwanza cha wazazi cha mwaka kiwe na ajenda hii. Nakala ukimpa Mganga Mkuu wa Mkoa, wauguzi watajua siku za kuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Chamwino, Dodoma