Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao: Mwananchi Asiwe Tena Tarishi wa Ofisi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: OMBI LA LANGO MOJA LA HUDUMA ZA SERIKALI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nina steshenari hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kibao cha nje kinasema nauza madaftari na kupiga fotokopi, lakini kazi inayonilisha hasa ni kuwajazia watu fomu za serikali. Mtu wa Lulindi au Chiungutwa akihitaji namba ya mlipakodi, jina la biashara, cheti cha kuzaliwa, pasipoti au mkopo wa mtoto anayekwenda chuo, hana kompyuta ya kufungua nyumbani. Anapanda bodaboda anakuja kwetu na bahasha ya kaki. Humo mna cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, na kikaratasi chenye namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kilichokunjwa mpaka kinakaribia kukatika.

Ninakuandikia kuomba serikali ijenge lango moja la huduma zake zote mtandaoni, na lango hilo lisimuulize mwananchi jambo ambalo serikali inalijua tayari. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lango tunaweza kulipata likawa zuri kwa sura, lenye nembo ya taifa juu, na mtu akaendelea kuteseka ndani yake kama anavyoteseka leo.

Chukua mama anayetaka kufungua duka la pembejeo. Anahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Akitaka duka liwe na jina, anakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni ya biashara anaiomba halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Hizo ni taasisi tatu, akaunti tatu na paswedi tatu, na kila mlango unamuuliza upya yeye ni nani, alizaliwa lini na anaishi wapi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu ameshaiandika namba hiyo juu ya fomu, na mstari wa tatu chini yake anaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Akikosea tarakimu moja, anaambiwa taarifa haziendani.

Kwa mpangilio huu mwananchi ndiye tarishi wa ofisi za umma. Anachukua taarifa kwenye ofisi hii, anaigeuza karatasi, anaiskani, anaipandisha kwenye mfumo wa ofisi ile. Gharama yote ni yake: nauli, bando, kuchapisha, kuskani, na siku nzima ya shamba. Tunayo Tovuti Kuu ya Serikali, nayo inasaidia kumwonyesha mtu aende wapi. Ila kuonyeshwa njia ya ofisi kumi hakujampunguzia mtu hata ofisi moja.

Nina imani jambo hili linawezekana kwa kuwa tumeshalifanya wenyewe upande wa fedha. Watu wazima tunakumbuka ilivyokuwa: kila taasisi na akaunti yake benki, unapanga foleni, unajaza slipu, unarudi na slipu ofisini ili wakuandikie risiti. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ikaanzisha mfumo wa malipo wa GePG, na leo bibi asiyejua kusoma anakuja kwangu akisema, "Mwanangu, nitolee kontroo namba," yaani ile namba ya kumbukumbu ya malipo. Awe analipia maji, kiwanja au faini, utaratibu ni uleule, na pesa anaituma kwa simu yake ya kitochi. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amezoea kwa sababu kitu hicho kilijengwa mara moja, kisha taasisi zikatakiwa zote zikitumie. Kila taasisi ingeachiwa itengeneze kontroo namba ya kwake, bibi yule angekuwa bado yuko kwenye foleni ya benki.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kufanya kwenye taarifa za watu kile kilichofanyika kwenye malipo yao. Mamlaka yako ina GovESB, mfumo wa kuziwezesha taasisi za umma kubadilishana taarifa. Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya 2019, imewapa kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya serikali. Kinachobaki ni uamuzi mgumu wa kuiambia taasisi: kama taarifa hii iko NIDA, ninyi mtaisoma huko, na ni marufuku kumdai mwananchi nakala yake. Estonia walianza kuunganisha mifumo yao kwa X-Road, mfumo wao wa kubadilishana taarifa, mwaka 2001, na sheria yao inakataza kuanzisha kanzidata nyingine ya kukusanya taarifa zilezile. Nimeshasikia watu wakisema Estonia ni kanchi kadogo, hakafiki hata watu milioni moja na nusu, na sisi sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Mimi naona wingi wetu ndio unaotubana zaidi. Usumbufu mmoja usio na sababu, ukiuzidisha kwa watu milioni 61, ni siku nyingi mno za kazi zinazopotea.

Sasa niseme la majina, maana hapa ndipo ninapoona watu wazima wakitokwa machozi mbele ya kaunta yangu.

Kwetu huku jina moja lina maandishi mengi. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia: Abdala. Karani wa zahanati aliandika Abdalah. Kitambulisho cha taifa kikatoka Abdallah, na cheti cha kidato cha nne kikabeba lile la shuleni. Mtu ni yuleyule, mama yake yuko hai na anamjua, kijiji kizima kinamjua. Mfumo unasema si yeye. Hapo inaanza safari ya kwa wakili kula kiapo, kisha kurekebisha ofisi moja, kisha kugundua kwamba marekebisho ya ofisi hiyo hayakuifikia ofisi nyingine. Nimemwona kijana aliyepata nafasi ya chuo akikimbizana na herufi "h" mpaka dirisha la maombi likafungwa.

Mkurugenzi Mkuu, lango likija, liwe na sehemu moja tu ya kusahihisha jina. Mtu alete ushahidi wake mara moja, afisa mmoja aukague na kuuamua, na uamuzi huo uzifikie taasisi zote bila mtu kuubeba. Tena tofauti ya herufi moja isimfukuze mtu papo hapo. Impeleke kwa afisa aitazame kwa macho. Kompyuta haijui kwamba Hadija na Khadija ni dada mmoja wa Masasi, lakini mtumishi wa umma yeyote aliyekulia nchi hii anajua.

Jambo linalofuata ni muhuri. Huduma nyingi tunazoziita za mtandaoni bado zinadai barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, imegongwa muhuri, imeskaniwa. Kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu kuna kurasa za sahihi: mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa, kamishna wa viapo. Mtoto anajaza mtandaoni, anachapisha, anasafiri kutafuta sahihi, anarudi kuskani, anapandisha. Sikatai mtendaji athibitishe. Yeye ndiye anayewajua watu wake, na uthibitisho wake una thamani kuliko picha ya kitambulisho. Naomba athibitishe ndani ya mfumo, kwa simu yake. Tunajua anaweza, kwa kuwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, tangu 2013, walipoanzia Mbeya, wamekuwa wakisajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Kama mtendaji wa kata anaweza kumsajili mtoto mchanga kwa simu, hashindwi kumthibitisha baba yake.

Nije kwenye kazi yetu sisi wa steshenari, kwa kuwa naona wanaochora mifumo hii hawatuoni kabisa.

Mfumo umejengwa kana kwamba mwenye akaunti ndiye anayebonyeza. Wilayani sivyo. Anayebonyeza ni mimi au kijana wangu. Mfumo unadai barua pepe, mteja hana, tunamfungulia hapohapo. Paswedi anaomba tumtunzie, kwani akiondoka nayo kwenye kikaratasi itapotea kabla ya mavuno. Ndiyo maana ukiingia steshenari nyingi utakuta kaunta buku lenye majina ya watu, barua pepe zao, paswedi zao na namba zao za NIDA, liko chini ya droo, karibu na rimu za karatasi. Duka likifungwa, likiungua, au kijana akihamia Dar es Salaam, watu wale wamepoteza ufunguo wa mambo yao yote na serikali. Akitokea mwenye nia mbaya, anayo mikononi taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilitungwa kuzilinda. Leo paswedi iliyomo humo inafungua mfumo mmoja. Siku lango moja litakapofunguliwa, paswedi moja itafungua kila kitu, kuanzia ardhi hadi pensheni. Hili linanikosesha usingizi kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Suala hili halimalizwi na tangazo la "usimpe mtu paswedi yako". Watu watatoa, kwa sababu hawana namna nyingine. Mtambueni msaidizi. Rwanda, kwenye Irembo, mfumo wao wa huduma za serikali mtandaoni, wapo mawakala wanaowasaidia wananchi kuomba huduma, na wanajulikana. Nasi tusajiliwe, kila mmoja aingie kwa akaunti yake mwenyewe ya msaidizi, na mwananchi aidhinishe kila ombi kwa kidole chake au kwa ujumbe unaokuja kwenye simu yake. Mfumo uandike nani alimsaidia nani, saa ngapi, na kwa huduma ipi. Bei ya kusaidiwa ibandikwe ukutani ili mtu asilanguliwe. Vifaa vya kusoma alama za vidole si vigeni vijijini. Mawakala wa laini za simu wanavyo tangu ule usajili wa 2019 uliofuatiwa na kuzimwa kwa laini Januari 2020, na vinahakiki moja kwa moja na NIDA.

Wasio na simu janja msiwaache pia. Menyu ya serikali ya *152*00# inafanya kazi kwenye kitochi bila bando, na watu wanaijua. Kufuatilia ombi lako limefika wapi kuwe humo.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Tangu 2021 sheria yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi na ujumbe wa kosa kwenye mfumo wa serikali uwe wa Kiswahili, na useme kosa ni nini na linarekebishwaje. Mara nyingi fomu ni ya Kiswahili vizuri, mambo yakienda vibaya maandishi yanageuka Kiingereza cha mafundi, nami nabaki kumkisia mteja wangu. Umeme ukikatika, na hukatika, fomu ikumbuke mtu alipofikia. Kuanza upya kurasa nane kwa mtu anayelipia muda ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake.

Tuwatazame pia majirani. Kenya wana eCitizen, lango lao la huduma za serikali, tangu 2014, na mwaka 2023 walihamishia humo maelfu ya huduma. Mwezi Julai mwaka huohuo mfumo ulishambuliwa, huduma zikakwama, na serikali yao ikabidi itangaze wageni wapewe viza wakifika kwa kuwa za mtandaoni hazipatikani. Mlango ukiwa mmoja, ukifungwa wamefungiwa wote. Sisemi tuache, nasema siku ya kwanza kabisa pawepo utaratibu ulioandikwa: lango likizima, mtu mwenye safari kesho, mgonjwa na mwanafunzi wa siku ya mwisho watahudumiwa wapi na na nani, na tarehe za mwisho zisogezwe zenyewe bila mtu kuandika barua ya kuomba. Halafu kila mwananchi aweze kuona ni ofisi gani imefungua taarifa zake na lini. Waestonia wanaweza kuona. Mtu akiweza kuona, ataamini, na akiamini atatumia.

Ombi langu la mwisho: kabla michoro haijapitishwa, watume vijana wako wanaotengeneza mifumo waje kukaa kwenye steshenari za wilaya msimu wa maombi ya mikopo, na hapa kwetu waje tena msimu wa mnada wa korosho, watu wanapokuwa na fedha za kushughulikia karatasi zao. Wasije kufundisha. Wakae upande wa kaunta niliko mimi na wajaze fomu za watu halisi, wenye majina yaliyoandikwa namna tatu na simu zenye chaji kidogo. Kiti kipo, na wenzangu wa Newala na Nachingwea hawatakataa.

Barua hii nimeiwasilisha pia kupitia e-Mrejesho, mfumo wenu wa kupokea maoni ya wananchi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Masasi, Mtwara.

Nakala: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.