KUH: Neno "exemplary" katika ripoti za muhula wa pili

Wazazi na walezi wapendwa,

Nawasalimu nyote. Muhula umekwisha na watoto wamekabidhiwa ripoti. Karo na tarehe ya kufungua shule zimeandikwa nyuma ya ripoti.

Juzi baba mmoja alinijia ofisini akiuliza, "Mwalimu, msichana wangu ameanguka hisabati, mbona mmemwandikia exemplary?" Ni swali la haki, na ninapenda kulijibu mbele yenu wote.

Neno hilo la Kiingereza husifu jambo linalostahili kuigwa. Asili yake ni Kilatini, exemplum, kitu kilichotolewa katika vingi ili kiwe kielelezo. Hata neno letu "sampuli" limetoka huko, kupitia Kiingereza. Ninyi mnaouza mahindi hapa Bungoma mnajua: mnunuzi huchoma gunia kwa kile kichuma chenye mfereji, na punje chache zikamweleza habari za gunia zima. Binti huyo muhula mzima amemsubiri langoni mwenzake anayetembea kwa magongo, wakaingia paredi pamoja, hata siku za mvua. Sasa wenzao wawili humbebea mkoba bila kuagizwa na mtu. Wameiga. Ndiyo maana mwalimu wake wa darasa alilichagua neno hilo, nami namuunga mkono.

Lakini neno hilo lina upande mwingine. Adhabu nayo huitwa exemplary, yaani kali makusudi ili wengine waogope. Mahakamani pia ipo fidia ya aina hiyo, inayotozwa kumwadhibu mkosaji, zaidi ya kulipia hasara. Nikiwa darasa la nne nilichapwa mbele ya paredi, eti niwe funzo kwa wengine. Kosa langu nimelisahau. Macho ya wenzangu sijayasahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza viboko. Kwa hivyo wazazi walioomba wale watoto waliochukua kalamu za wenzao waadhibiwe hadharani, hatutafanya hivyo. Tuliketi nao pamoja na wazazi wao, na kalamu zimerudishwa.

Kuanzia muhula wa tatu, mwalimu akiandika neno hili ataandika na tendo lililomfanya aliandike. Ikiwa ripoti ya sasa ya mwanao haielezi, njoo uulize. Ofisi iko wazi hadi Ijumaa saa sita mchana.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu