Funguo tatu za sanduku letu

Mhariri,

Mimi ni muuza dagaa hapa Kirumba Mwaloni, Mwanza. Kwenye kikundi chetu cha hisa natunza ufunguo. Sanduku letu la bati lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wasio ndugu. Mwenyekiti hana hata mmoja.

Haikuwa hivyo zamani. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa nazo zote, maana tulimpenda na alikuwa mtu wa sala. Siku ya kugawana tukakuta pungufu ya laki nne. Mwenzetu mmoja, aliyeitegemea hela ile kwa ada ya mwanawe, alikaa chini juu ya turubai la dagaa asiseme neno. Tulipomuuliza mwenyekiti, akajibu, "Mimi mama yenu, leo mnanihoji?" Jibu lile liliniuma kuliko hizo laki nne.

Ndiyo maana sikubali tukiambiwa tuwaachie wakubwa kila kitu kwa kuwa ni watu wema. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kwa sababu watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola huku kwetu Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Aliwajibika, na miaka minane baadaye akawa Rais.

Lakini hatuwezi kukaa tukimsubiri Mwinyi mwingine. Katiba yetu, nayo ya mwaka huohuo 1977, inampa Rais kuteua mkuu wetu wa mkoa, na wakuu wote wa wilaya nao huteuliwa naye. Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi wa urais, Ibara ya 41(7) inaikataza mahakama kuchunguza. Hapo funguo zote zimefungwa kwenye pindo moja la kanga.

Ndugu zetu wa Zanzibar walipiga kura ya maoni Julai 31, 2010, wakaridhia vyama vikuu kushirikiana serikalini. Serikali hiyo ya pamoja imewasumbua, ikakatika, ikarudi mwaka 2020. Hata hivyo walithubutu.

Huku bara kura ya maoni ya Katiba mpya iliahirishwa mwaka 2015. Naomba wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa waliseme hilo bungeni, kwa majina yao, tuwasikie.

Jumamosi tunafungua sanduku. Ufunguo wangu ninao shingoni, kwenye uzi wa nyavu.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza