Betri za jeti za feni: someni kabla ya kununua

Habari zenu, ndugu. Anayeanza jeti za feni, yaani ndege ndogo za rimoti zinazosukumwa na feni ya umeme, asikimbilie feni ya milimita 90. Chukua ya 64 na betri ya 4S 2200 (seli 4 zilizoungwa mfululizo, miliampea-saa 2200), uirushe kwa mkono, maana vigurudumu vyake hunasa kwenye nyasi. Ya 80 inataka 6S 5000 na uwanja uliofyekwa vizuri.

Msidanganywe na namba ya C kwenye lebo, yaani kasi ya betri kutoa umeme ukilinganisha na ujazo wake. 5000 yenye 50C ni ampea 250, kwa hesabu ya karatasi! Feni ya 80 ikivuta 100 hivi, betri dhaifu hushuka volti, huvimba, na jeti hukosa nguvu ikiwa bado inapaa. Pimeni ukinzani wa ndani wa kila seli. Moja ikizidi sana wenzake, iacheni dukani.

Tumieni asilimia 80 tu ya chaji: kwa betri ya 5000, ampea-saa 4 kwa wastani wa ampea 60 ni dakika 4. Tegeni saa dakika 3 na nusu, maana ukikosea kutua lazima uzunguke tena. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo mbio za kuruka ni ndefu zaidi.

Kuhifadhi: volti 3.8 kila seli, si 4.2. Mkizibeba kwenye bodaboda, funikeni ncha za waya za betri. Zikigusana ni moto.