Msafara wa uyoga usiishe Jumamosi jioni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na wanaoandaa misafara ya uyoga ya wikendi. Mingi huishia Jumamosi jioni: watu wametembea msituni kwa muda wa saa 4, wamekaa mezani dakika 20, kila mmoja akaondoka na kapu lake. Hapo kazi ya kutambua walichochuma haijaanza, kwa sababu kipimo kimoja muhimu kinahitaji usiku mzima.

Kipimo chenyewe ni alama ya spora, yaani chembe ndogo kama vumbi ambazo uyoga huzaliana kwazo. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi, upande wa chini ukigusa karatasi, kisha funika kwa bilauri. Kofia ikiwa kavu, idondoshee tone la maji juu. Nusu ya karatasi iwe nyeupe na nusu nyeusi, maana spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe, na hapo ndipo wengi hudhani uyoga wao haukutoa kitu. Baada ya saa 4 hadi 12 utakuta unga. Agaricus (jamii ya uyoga wa kawaida wa dukani) hutoa unga wa kahawia iliyokolea, Termitomyces (uyoga wa vichuguuni) wa waridi hafifu, Amanita (jamii yenye uyoga wa sumu kali) mweupe. Chlorophyllum molybdites, unaotapisha na kuharisha vibaya, hutoa wa kijani. Huu huponza wengi kwa kuwa ukiwa mchanga matamvua yake, yaani zile bapa nyembamba zilizopangana chini ya kofia, ni meupe na yanapendeza. Kofia ambayo haijafunguka haitoi alama, kwa hiyo katika kila aina beba angalau mmoja uliokomaa.

Alama hiyo peke yake haitoshi, na hapa uchumaji unaingia. Anayekata shina juu ya udongo anaacha ushahidi ardhini. Amanita phalloides, unaohusishwa na vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani, una kifuko kwenye kitako cha shina, na mara nyingi kifuko hicho kimefukiwa. Chomeka kisu kando ya shina, nyanyua uyoga pamoja na udongo wake, ndipo upanguse. Uyoga wa vichuguuni nao una mzizi unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. Ukikatikia juu, umepoteza alama yake kubwa. Wapo watakaopinga kwamba kung'oa kunaua uyoga. Utafiti wa miaka mingi nchini Uswisi, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona kwamba kung'oa kunapunguza mavuno kuliko kukata. Kilichoyapunguza ni ardhi kukanyagwa. Basi wenye kupenda misitu wapunguze kwanza ukubwa wa makundi yao.

Uyoga mchanga ulio kama yai upasuliwe katikati, toka juu hadi chini. Ukiona ndani umbo la kofia na shina vilivyojikunja, hiyo huenda ni Amanita, weka kando. Ule wa mviringo unaolika huwa mweupe mtupu ndani, bila mchoro wowote.

Kila aina ifungwe kwenye karatasi yake, na juu yake iandikwe: umeota ardhini au kwenye gogo, chini ya mti gani, unanukaje. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Uyoga hutoa maji, plastiki huyazuia, na baada ya saa chache umeanza kuteleza na kuoza. Wako waliougua kwa uyoga usio na sumu kabisa, kisa umeoza. Na usiojulikana usikae kapu moja na wa kula, kwani kipande kikimeguka hakuna atakayejua kimetoka wapi.

Vile vipimo vya kijiko cha fedha, eti kikigeuka cheusi uyoga una sumu, au kwamba ukiliwa na konokono ni salama, vitupwe. Programu za simu zinafaa kukupa pa kuanzia tu. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa kupika, kukausha wala kugandisha. Dalili huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiendelea kuharibika. Kwa hiyo anayeanza kutapika saa 6 au zaidi baada ya mlo apelekwe hospitali mara moja, hata akisema anajisikia vizuri, na mabaki ya uyoga yaende naye.

Jumapili asubuhi ndiyo iwe ya kusoma alama na kuamua. Uliothibitishwa na anayeujua, uonje kidogo mara ya kwanza, aina moja tu, uive vizuri, na ubakize mmoja mbichi kwenye karatasi ndani ya friji hadi siku mbili zipite.

Msomaji wako,
Mpenzi wa uyoga