Ruzuku isiwe sababu ya kuuza eneo letu la wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotusumbua sisi wakazi wa mji mmoja mdogo mkoani Dodoma, nikiamini kwamba wasomaji wa Singida, Manyara na kwingineko wataona humo habari za miji yao pia. Halmashauri yetu inakusudia kubadili matumizi ya eneo la wazi lililo kati ya soko na korongo, ili likatwe viwanja vya makazi na kuuzwa. Tulielezwa katika mkutano wa kitongoji kuwa fedha zitakazopatikana zitamalizia maboma, yaani majengo yasiyokamilika, ya madarasa na zahanati, kwa kuwa ruzuku ya Serikali Kuu haitoshi. Sina ugomvi na madarasa wala zahanati, kwani sisi wenyewe tulibeba mawe na kuchota maji ya kujengea maboma hayo. Ninachopinga ni kulipia mabati na plasta kwa ardhi ambayo mji ukishaiuza hautaipata tena.

Mamlaka ya mji mdogo kama yetu iko chini ya halmashauri ya wilaya, na halmashauri hiyo nayo hutegemea kwa sehemu kubwa fedha kutoka Hazina. Kodi ya majengo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri zenyewe, tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU na kukusanywa na Serikali Kuu. Ruzuku ya maendeleo inapofika huwa imekwisha kupangiwa kazi: tumezoea kusikia Sh milioni 12.5 za kumalizia boma la darasa na Sh milioni 50 za kumalizia boma la zahanati. Kiasi ni kilekile, jengo liwe kwenye ardhi ngumu au kwenye kichanga kinachodai msingi mrefu zaidi. Katika hesabu zote nilizowahi kusomewa kwenye vikao, sijasikia fungu la mpimaji, la mchoro wa mipango miji, wala la mtaro wa kupitisha maji ya mvua.

Mwaka 2021 nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa shule, wakati Serikali ilipotumia mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na, pamoja na mambo mengine, kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa Sh milioni 20 kila moja. Yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022. Yetu yalikamilika, watoto wakaingia, nami nashukuru hadi leo. Lakini siku tulipokaa kuamua mahali pa kujenga, hakuna aliyeweka mchoro wa mji mezani. Tuliulizana tu ni wapi penye nafasi isiyo na madai ya fidia, na jibu likawa uwanja wa mpira. Nilinyoosha mkono kukubali pamoja na wenzangu, kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia na tuliogopa fedha zisije zikarudishwa Hazina. Vijana wetu sasa wanachezea kandokando ya barabara kuu, ambako malori ya mahindi hupita mchana kutwa, na kila nipitapo pale nakumbuka mkono wangu ulikuwa juu.

Hiyo ndiyo hatari inayolikabili kila eneo la wazi katika mji usio na mpango unaoheshimiwa. Eneo hilo halina mwenyewe wa kudai fidia, kwa hiyo kila fedha zinapokuja na masharti na muda mfupi, ndilo linalotazamwa kwanza.

Safari hii, Mhariri, hatari ni kubwa kuliko kukosa uwanja wa mpira. Mgeni anayefika wakati wa kiangazi huliona korongo letu kama njia ya mbuzi. Mvua za Dodoma ni chache, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena mara nyingi kwa saa chache juu ya ardhi iliyokauka na isiyoweza kunywa maji hayo yote. Maji hushuka vilimani kwa kishindo, yakafika kwenye eneo hilo la wazi, tambarare ya mnada, yakatanda na kupunguza kasi kabla ya kuendelea bondeni. Wazee waliotutangulia hawakujenga pale, wakaliacha eneo hilo liwe la mnada wa mifugo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na korongo letu ni mto wa msimu, hata kama kwa miezi saba hauna tone. Mimi na majirani zangu tulipima kwa kamba, na tukaona kuwa safu mbili za kwanza za viwanja vinavyopendekezwa zimo ndani ya mita hizo.

Desemba 2023 tuliona jinsi Katesh, mji mdogo ulio chini ya Mlima Hanang, ulivyofunikwa na tope, na watu wengi wakapoteza maisha. Chanzo cha maafa yale, maporomoko ya mlima, hakifanani na mafuriko ya korongo letu, lakini somo linatuhusu. Kinachoshuka kutoka juu hufuata njia yake hata kama leo njia hiyo imejengwa.

Natambua pia kwamba viwanja hivyo vitagombewa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa wetu, kutoka 2,083,588 mwaka 2012, na tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 wanaotafuta ardhi nje ya jiji wamezidi. Makao makuu yalikuwa na Mamlaka ya Ustawishaji tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, nayo kwa mazuri na mabaya yake ilikuwa na wapimaji na michoro. Miji midogo inayoyazunguka haikuwa na chombo cha namna hiyo, na sasa ndiyo inayopokea watu. Wanunuzi ndio ninaowahurumia zaidi. Mtu atakayeweka akiba ya miaka mingi kwenye kiwanja kilichouzwa na halmashauri ataamini, na ana haki ya kuamini, kwamba ardhi hiyo inafaa kwa makazi.

Wenyeji wa mkoa huu tunafahamu habari za mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Fedha na matrekta vilifika kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha.

Halmashauri inaweza kuuza viwanja bila kugusa eneo hilo. Upande wa juu wa mji yako mashamba ambayo wenyewe wako tayari yapimwe kwa makubaliano ya kugawana viwanja, utaratibu ambao si mgeni hapa Dodoma. Wizara ya Ardhi nayo imekuwa ikizikopesha halmashauri fedha zisizo na riba kwa ajili ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, na mkopo hurejeshwa kutokana na mauzo ya viwanja. Njia hiyo itachukua miezi mingi zaidi, na maboma yatasubiri. Nitakuwa tayari kulisema hilo mbele ya wazazi wenzangu mkutanoni. Kwa upande wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, naomba kila ruzuku ya ujenzi inayokuja katika miji midogo iwe na sehemu, hata kama ni ndogo, ya kulipia upimaji na mchoro wa eneo lenyewe, na fedha zisitolewe mpaka mkutano wa kitongoji uwe umeuona mchoro huo.

Suala hili litafikishwa katika Baraza la Madiwani. Kabla ya siku hiyo tunaomba mchoro wa viwanja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, maana hadi leo hatujaonyeshwa. Tunawaomba pia waheshimiwa madiwani wafike wenyewe kwenye eneo hilo, na ikiwezekana wafike asubuhi inayofuata mvua kubwa. Pana mbuyu katikati ya mnada, na tutawaonyesha alama ya maji kwenye shina lake, usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa mji mdogo,
Mkoa wa Dodoma